Haut-Uélé: Kwa nini twiga wa Garamba wanaongezeka polepole

Twiga wa mwituni waliobaki nchini DRC wanaishi sehemu moja tu: mbuga ya taifa ya Garamba, jimboni Haut-Uélé, kaskazini-mashariki mwa nchi. Ni twiga wa Kordofan, walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani. Mwaka 2016 hawakufika hata 40.

Majangili huwaua kwa ajili ya nyama, na mara nyingine hukata mkia tu, mzoga wanauacha porini.

Kuziba pengo hilo kunachukua miaka. Twiga jike hubeba mimba kwa miezi 15 hivi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Huzaa akiwa amesimama, mtoto anaanguka chini kutoka juu, na kwa muda wa saa moja hivi husimama na kuanza kunyonya. Lakini simba na fisi wanamvizia, na wengi hawamalizi mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo jike mmoja akiuawa, watoto wote ambao angezaa wamepotea pia. Ndiyo maana baadhi ya twiga wa Garamba walifungwa vifaa vya GPS, ili walinzi wa mbuga wajue walipo kabla jangili hajafika.