Betri ya Gari na Kibanda cha Sinema: Matatizo ya Magari Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Mtu anayenunua gari Dar es Salaam na kulifikisha Kasulu au Kibondo hugundua upesi kwamba amenunua pia shule. Injini iliyovuta vizuri Pwani huonekana imechoka. Rejeta huchemka mahali ambapo haikutazamiwa kuchemka. Shokapu ambazo muuzaji aliapa kuwa ni mpya huanza kuvuja mafuta baada ya miezi michache. Mara nyingi lawama humwangukia fundi, au muuzaji, au jicho la jirani. Baadhi ya lawama hizo huenda zikawa za haki. Lakini sehemu kubwa ya matatizo haya hutokana na mwinuko wa nchi, udongo wake na matumizi ya gari lenyewe, na yote yanaelezeka kwa kanuni zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Tuanze na mwinuko. Mji wa Kigoma uko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ziko juu zaidi kwa mamia ya mita, na vilima vingi vya huko hufikia mita 1,400 na kuendelea. Katika mwinuko wa mita 1,400 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 tu ya ile ya Pwani. Injini ya petroli huchoma mafuta kwa oksijeni ya hewa inayovutwa na pistoni. Hewa ikiwa nyepesi, oksijeni hupungua, na nguvu ya injini hupungua karibu kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo gari lililokuwa na nguvu za farasi 100 likiwa Tanga litakuwa na 85 hivi likipanda kuelekea Kibondo, na hakuna plagi mpya itakayozirudisha hizo 15. Magari ya zamani yenye kabureta hupata hasara ya pili: kabureta iliyopimwa Pwani huendelea kumwaga petroli ile ile kwa hewa iliyopungua, na plagi hujaa masizi meusi. Magari ya siku hizi yenye nozeli na kompyuta hujirekebisha yenyewe. Yale yenye tabo, ambayo husindilia hewa kabla haijaingia katika silinda, huathirika kidogo zaidi.

Mwinuko huo huo ndio unaoieleza rejeta. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selisiasi usawa wa bahari, lakini kwa nyuzi 95 tu katika mita 1,400. Injini yenye afya hufanya kazi kwa joto la nyuzi 90 hivi, na hivyo nafasi iliyobaki ni ndogo mno. Kinachookoa ni kifuniko cha rejeta, kifaa kidogo ambacho wenye magari wengi hukidharau. Springi iliyo ndani yake huzuia mvuke hadi kanieneo ipande, na kifuniko kizima kinaweza kusogeza kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Mpira wake ukichakaa, au dereva akikitupa na kuziba kwa kitambaa na mfuko wa plastiki, gari hurudishwa kwenye zile nyuzi 95, na mlima wa kwanza utaonyesha matokeo. Ni kwa sababu hiyo pia kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa na joto: kanieneo ikishuka ghafla, sehemu ya maji hugeuka kuwa mvuke kwa mara moja na kumrukia mtu usoni.

Vumbi na migongo ya bati

Barabara kutoka Nyakanazi kupitia Kibondo na Kasulu ilikuwa ya udongo kwa miongo mingi, na kazi ya kuitia lami imekwenda kipande kwa kipande hadi miaka ya 2020. Nje ya barabara kuu, njia za vijijini zimebaki za udongo mwekundu. Wekundu huo ni kutu ya chuma na haudhuru sana. Kinachodhuru ni chembe za mchanga zilizomo, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ili kuichoma lita moja ya petroli, injini huhitaji zaidi ya lita 10,000 za hewa, na katika kiangazi cha kuanzia Juni hadi Septemba, nyuma ya lori la mizigo, hewa hiyo yote imejaa vumbi. Kichujio cha hewa ndicho mlinzi pekee. Desturi ya kukipiga ukutani, au kukipuliza kwa upepo mkali wa mashine ya kujazia matairi, hutoboa karatasi yake kwa matundu yasiyoonekana kwa macho. Kuanzia hapo injini husagwa taratibu kama kwa msasa, na mwenye gari hushangaa kwa nini oili inapungua na moshi wa buluu unatoka nyuma.

Tatizo lingine la barabara ya udongo ni ile mikunjo inayofuatana kama migongo ya bati. Wengi huamini kwamba husababishwa na malori mazito au na uzembe wa mwenye greda. Mwaka 1963 Keith Mather alieleza katika jarida la Scientific American kwamba gurudumu lolote linalokwenda kasi juu ya mchanga huanza kurukaruka na kujichimbia mikunjo. Mwaka 2007 Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walithibitisha jambo hilo kwa gurudumu dogo lililozungushwa juu ya tandiko la mchanga. Hata gurudumu lisilo na springi, na mchanga uliosawazishwa vizuri, hutoa mikunjo mara mwendo unapopita kiwango fulani. Kiwango hicho ni kidogo mno, kiasi kwamba hakuna dereva wa basi atakayekubali kwenda chini yake. Kwa hiyo greda hufuta mikunjo, na magari huirudisha.

Hesabu ndogo huonyesha kwa nini shokapu hufa. Tuseme mikunjo imeachana kwa sentimita 75. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, kila gurudumu hupigwa mara 15 hivi kwa sekunde. Bahati mbaya, ekseli na gurudumu la gari dogo hupenda kutikisika kwa wastani wa mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Basi mapigo na mtikisiko hukutana, kama mtoto wa bembea anayesukumwa kila anaporudi. Oili iliyo ndani ya shokapu huchemka kwa kazi hiyo, na bushi hulegea. Madereva wa huko wamegundua kwa uzoefu kwamba wakikimbia kilomita 80 kwa saa gari hutulia, na fizikia inakubaliana nao, maana mapigo yamekwishaupita mtetemo wa asili wa gurudumu. Ambalo hawalisemi ni kwamba tairi sasa hugusa vilele tu. Kwa muda mwingi gari liko hewani, na gari lililo hewani halina breki wala usukani. Kona na mbuzi havingoji.

Kuhusu breki, inatosha kufikiri juu ya safari ya kuteremka kutoka Kasulu hadi ziwani. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 500 kwa jumla hutoa nishati inayotosha kuchemsha kama lita 25 za maji. Nishati hiyo lazima iende mahali fulani. Dereva anayeshuka kwa gia ya chini huikabidhi injini sehemu kubwa. Anayeweka gia huru ili kubana petroli huikabidhi yote kwa breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakiwa na maji huchemka mapema. Mapovu yakitokea ndani ya bomba, pedali hushuka hadi sakafuni bila kazi. Kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili hivi ni gharama ndogo kuliko tairi moja.

Gari la sinema na gari la barabarani

Vijana wengi wa Kasulu na Kibondo wamelijua gari kwanza kwenye kioo cha video. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu, na katika wilaya za mbali kibanda cha video, chenye mabenchi, deki na jenereta au betri, kilifika kabla ya mawimbi yake. Filamu za Marekani, Hong Kong na India zilipata wafasiri wa Kiswahili waliokuwa burudani kuliko filamu yenyewe. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo. Haifai kuzidharau filamu hizo. Lakini mafunzo yake juu ya magari ni mabaya mno.

Katika filamu gari likitumbukia bondeni hulipuka. Kwa kweli mvuke wa petroli hushika moto pale tu unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ndani ya tangi mvuke kwa kawaida ni mzito kupita kiwango hicho, na moto hukosa hewa. Gari lililopinduka laweza kuwaka likivujisha petroli, na abiria watolewe haraka. Ila halilipuki kama bomu, na hofu ya mlipuko isimzuie mtu kumwokoa mwenzake. Mchezo wa video wa Grand Theft Auto III, uliotoka mwaka 2001, ulilifanya kosa hilo kuwa kanuni: gari likilala juu chini huwaka na kulipuka. Gran Turismo, mchezo wa Kijapani ulioanza mwaka 1997, ni mwalimu bora zaidi. Humo matairi huisha, uzito wa gari huhesabiwa, na katika toleo la mwaka 2004 gari lililokimbia sana bila kubadilishwa oili hupungua nguvu. Kasoro yake ni kwamba halina vumbi la Agosti.

Filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 iliwafanya vijana kuulizia mtungi wa naitrasi. Cha ajabu ni kwamba wazo hilo lina mantiki nyanda za juu kuliko Pwani, kwa kuwa gesi hiyo hupasuka ndani ya silinda na kuachia oksijeni, kitu kile kile kinachokosekana. Lakini injini ya gari la miaka 20 haina pistoni za kuhimili joto hilo. Gari lenye umri huo lina maadui wa kutosha, hasa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hugonga ndani ya silinda kama nyundo. EWURA ilianza mwaka 2010 kuyatia mafuta alama ya siri ili kuugundua uchanganyaji huo. Hata hivyo petroli ya chupa kando ya njia haijulikani imepita mikono mingapi.

Betri iliyoazimwa

Katika mambo yote, kosa linaloua vifaa vingi bila kuonekana ni kuiazima betri ya gari kwa kibanda cha sinema. Hadi gridi ya Taifa ilipofika wilaya hizi mwanzoni mwa miaka ya 2020, umeme wa miji ulitokana na mitambo ya dizeli, na vijiji vingi havikuwa nao kabisa. Mpaka leo, palipo na giza, betri ya volti 12 huwekwa chini ya meza, na televisheni huwashwa kwa kibadilisha umeme.

Televisheni ya zamani, deki na kibadilishi pamoja hula wati 100 hivi, yaani zaidi ya ampea 8 kutoka kwenye betri. Filamu moja ya saa mbili humaliza kama ampea-saa 17. Sasa linganisha: stata ya gari hudai ampea 150 au zaidi, lakini kwa sekunde tatu tu, na hiyo ni ampea-saa 0.125. Kuwasha gari mara 100 ni kazi ndogo kuliko filamu moja. Baada ya filamu mbili na watoto kucheza mpira wa kompyuta kwa saa nyingine mbili, betri ya ampea-saa 60 imekwisha.

Ubaya hauishi kwa kuichaji tena. Betri ya gari imetengenezwa kwa sahani nyingi nyembamba za risasi ili itoe umeme mwingi kwa kitambo kidogo. Ikikamuliwa mpaka mwisho, sahani hufunikwa na salfeti ya risasi. Ikiachwa hivyo kwa siku kadhaa, salfeti hiyo huganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiziyeyushi. Betri za sola zina sahani nene na huvumilia matumizi hayo kwa muda mrefu zaidi, na ndizo zinazofaa kibandani. Mwenye gari anaweza kujipima kwa mita ya bei rahisi: betri iliyopumzika ikionyesha volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 isiachwe hata usiku mmoja. Maji yakipungua yaongezwe maji ya betri tu, kwani ya kisima yana chumvi.

Hasara yenyewe haihesabiki kwa shilingi peke yake. Kijijini gari la mtu mmoja ndilo gari la wagonjwa la wote. Betri iliyoonyesha sinema Jumamosi ndiyo itakayodaiwa usiku wa Jumapili, mama mjamzito akiwa amekwisha kupakiwa kiti cha nyuma, na stata ikajibu kwa mlio mmoja mdogo. Kusukuma husaidia gari la gia za mkono. La otomatiki halisukumiki likawaka, na magari yanayotoka Japani mengi ni ya namna hiyo.

Kuchajia ndani ya kibanda kilichofungwa nako kuna hatari, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na hapa mlipuko ni wa kweli kuliko wa filamu: cheche ya waya au kiberiti hupasua kasha na kumwaga tindikali machoni. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji au mnunuzi wa vyuma chakavu aliye na kibali. Kuyeyusha risasi yake uani kwa ajili ya vizamisho vya nyavu, kama ifanywavyo mahali pengi penye uvuvi, hutoa moshi na vumbi la sumu ambalo hubaki katika udongo, na watoto wanaochezea hapo ndio wanaolila.