Kanzu ya Kuigizia

Ni waigizaji wachache waliovaa sura nyingi kama Mwingereza Alec Guinness, aliyezaliwa London mwaka 1914. Katika filamu ya Kind Hearts and Coronets ya mwaka 1949 aliigiza watu wanane wa ukoo mmoja, akiwemo mwanamke. Katika The Bridge on the River Kwai ya mwaka 1957 alikuwa ofisa mkaidi wa jeshi, akapata Oscar. Mwaka 1977 vijana wakamfahamu kama mzee wa Star Wars.

Lakini vazi lililomgusa zaidi lilikuwa kanzu. Alikuwa Ufaransa akiigiza Padre Brown, katika filamu iliyotoka mwaka 1954. Jioni moja alitembea kijijini akiwa bado na kanzu ya kuigizia. Mtoto asiyemjua akamwita "padre", akamshika mkono, wakaongozana huku mtoto akimsimulia mambo yake. Guinness, ambaye hakuwa Mkatoliki, alinyamaza, akihofu Kifaransa chake kingemshtua. Kisha mtoto akamuaga, akaenda zake.

Mwigizaji akabaki akiwaza: Kanisa linaloaminiwa hivyo na mtoto, laweza kuwa baya kama wasemavyo? Baadaye mwanawe mwenyewe akaugua polio, akapooza. Baba akawa akipita kanisani kusali. Mtoto akapona. Mwaka 1956 Guinness akapokelewa katika Kanisa Katoliki, akadumu humo hadi kifo chake mwaka 2000.

Mtoto yule hakuuliza jina wala kitambulisho. Aliiamini kanzu, kwa sababu wapo mapadre waliokuwa wameivaa vizuri kabla ya jioni ile. Siku hiyo alikuwa salama. Lakini tunajua, kwa aibu, kwamba wapo watoto walioshika mkono wa namna hiyo wakaumizwa. Anayewaumiza haharibu jina lake tu. Anawazibia wadogo njia ya kumwendea Mungu.

Usidhani hili ni la mapadre pekee. Kwa ubatizo umemvaa Kristo. Jirani anakuachia mtoto wake kwa kuwa anakuona kigangoni kila Dominika. Binti wa kazi anatulia nyumbani kwako kwa kuwa ameona msalaba ukutani. Mwigizaji huvua vazi kazi ikiisha. Sisi letu hatulivui. Wiki hii yupo atakayekushika mkono kwa sababu ya vazi hilo. Afike salama.

Dominika njema.