Seti Humla Mzungu

Mtu aliyejifunza karata kwengineko, akiketi barazani Makadara, Mombasa, hukwama kwenye saba. Ameangusha mfalme wa kopa na ana hakika amekula. Mzee wa kulia kwake anaweka saba ya kopa juu, anazoa zote na kuzivuta upande wake. Mgeni hutazama nyuso za watu akidhani ni mzaha. Hakuna anayecheka. Mwenye dele anauliza nani aongezwe kahawa, na mchezo unaendelea.

Mchezo huo ni wahedi wa sitini, na jina lake tayari limekupa kanuni: anayepata sitini na moja ameshinda. Pakiti nzima ina pointi 120. Karata ni za aina nne, kopa, uru, shupaza na pao, na kila aina ina pointi 30. Ree, yaani moja, ni 11. Seti, ndiyo hiyo saba, ni 10. Mfalme ni 4, jeki 3, malkia 2. Nyingine zote ni garasa, hazina hata pointi. Sitini na moja basi ni nusu ya pakiti na moja juu yake, na ikitokea sitini kwa sitini hakuna wa kujigamba usiku huo, ingawa wapo wanaojigamba hivyo hivyo.

Ukishaijua hesabu hiyo, majina ya wazee hayakutatizi tena. Mfalme wao humwita mzungu wa nne, jeki mzungu wa tatu, malkia mzungu wa pili. Bei imo ndani ya jina. Kijana aliyekaa nyuma ya babu yake akisikia majina tu, msimu mmoja, ameshajua thamani ya karata zote za picha bila kufundishwa na mtu.

Lakini kwa nini saba impite mfalme, na jeki ampite malkia? Jibu liko Ureno, ambako bisca na sueca huchezwa mpaka leo kwa hesabu hii hii. Huko nane, tisa na kumi hutolewa, zikabaki karata 40, basi saba ndiyo namba iliyo juu kuliko zote. Katika michezo mingine ya Ulaya ya ukoo huo, nafasi hiyo ya pili baada ya moja hushikwa na kumi. Kumi isipokuwepo, saba imeirithi pamoja na pointi zake. Na malkia? Karata za zamani za Wareno hazikuwa na malkia. Picha ya chini kabisa ndiyo iliyochorwa mwanamke, mtumishi. Zilipokuja karata za mtindo wa Kifaransa, malkia akawekwa mahali pa yule mtumishi, chini ya jeki, na hapo akabaki. Watu wa barazani wanamweka malkia chini kila usiku kwa sababu ya mjakazi wa karata ambazo hawajaziona.

Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka Makadara. Walitolewa mwaka 1698, wakarudi kidogo mwaka 1728, mwaka uliofuata wakaondoka moja kwa moja. Kopa, shupaza, uru, pao na turufu ni maneno yao, na neno karata lenyewe pia. Makadara yenyewe ina mizizi ya Mabaluchi, ambao wazee wao walikuja kuwa askari wa masultani wa Oman, watu waliomshinda Mreno. Wajukuu wa askari hao leo wanabishana juu ya turufu kwa maneno ya adui wa jana, na hakuna anayeona ajabu.

Kujua kwamba saba ni 10 bado si kuijua seti. Hiyo ni bei tu. Seti ni karata ya tabu kwa mwenye nayo, kwa sababu ni nono na haina ulinzi wa kutosha. Katika aina yake kuna karata moja tu inayoila, ree, na wewe hujui iko mkono wa nani. Nayo isipokuwa ya turufu, turufu yoyote, yaani karata ya aina iliyoteuliwa kuzishinda nyingine, inaikata, hata ile ndogo isiyo na pointi. Ukiitoa mapema, ree ya adui inaimeza, na hapo umempa 10 zako juu ya 11 zake. Ukiikalia sana, karata zinakwisha na unalazimika kuiangusha mbele ya turufu. Fikiria mzunguko mmoja wa wachezaji wanne ambamo zimeanguka ree, seti, mfalme na jeki wa aina moja: ni pointi 28, karibu nusu ya safari ya kwenda sitini na moja, zimekwenda kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo anayeijua seti huwa anaitazama ree. Amekariri zilizotoka. Anamtazama mwenzake aliyemkabili, maana wawili hucheza dhidi ya wawili na washirika hukaa uso kwa uso. Mwenzake akiangusha ree, hapo ndipo seti inaposhuka chini yake kwa furaha, kwa kishindo, kiganja chote juu ya mkeka. Mchezaji mchanga huitoa kwa sababu ni kubwa. Basi mzee atamwuliza, “Ree umeiona wapi, mwanangu?” na kijana hana jibu, kwa sababu hakuitafuta.

Watazamaji ni sehemu ya mchezo, na adabu yao ni ngumu kuliko ya wachezaji. Unaruhusiwa kuona karata za mtu uliyekaa nyuma yake, huruhusiwi kuguna. Anayeguna huambiwa, “Yakhe, njoo ucheze wewe,” na maana yake ni kwamba anyamaze. Waliofungwa huinuka na kuwapisha wanaongoja, awe tajiri au mchukuzi. Pesa haziwekwi. Wapo masheikh wanaoikataa karata kabisa, wapo wanaoistahimili mradi kamari haimo na swala haipitwi, na watu wa barazani wanajua vizuri wanaishi kwa hisani ya hao wa pili. Adhana ikisikika kila mtu huzilaza zake kifudifudi. Kuhusu ishara za macho baina ya washirika nitasema tu kwamba zimekatazwa na kila mtu anazo.

Tuulinganishe mchezo huu kidogo na michezo ya karata za kukusanya, kama Magic: The Gathering aliyoibuni Richard Garfield, iliyotoka Marekani mwaka 1993. Kule karata nyingi zimeandikwa sheria zake usoni, na nyingine ni ngumu kweli. Chains of Mephistopheles, ya mwaka 1994, ni maarufu kwa kuwachanganya hata wachezaji wazoefu: maneno yake yanabadili jinsi unavyochukua karata, na watu wameichorea ramani ya hatua kwa hatua ili ieleweke. Ukikwama, mashindanoni yupo mwamuzi na kitabu. Saba ya kopa haina hata neno moja. Ina alama saba nyekundu. Sheria yake yote imo vichwani mwa waliokaa, na ndiyo maana huwezi kujifunza seti peke yako chumbani.

Vijana wa leo, hata hapo hapo Makadara, wengi wanacheza kadi, mchezo wa Kenya nzima, ambao wengine huuita poka ingawa hauhusiani na poka ya kamari. Humo saba haina cheo chochote. Mbili inamlisha anayefuata karata mbili, tatu inamlisha tatu, joka tano. Jeki anamruka mtu, mfalme anaugeuza mzunguko, nane na malkia ni maswali yanayotaka jibu la aina yake. Moja ndiyo yenye mambo: inazuia adhabu, na inampa mwenye kuicheza haki ya kudai aina anayoitaka. Moja ya shupaza inazidi hapo, maana kwayo unaweza kudai karata kamili, kwa mfano tano ya kopa na si nyingine. Na kabla ya kumaliza lazima utangaze “niko kadi”. Ukisahau, hata ukiwa na ushindi mkononi, unaendelea kuchukua. Ukivuka mpaka kuingia Uganda utakuta jamaa wa mchezo huo, matatu, na huko saba imerudi kwenye cheo: saba ya aina iliyochaguliwa huukata mchezo papo hapo, watu wakahesabu walichobaki nacho.

Wazee hudai kadi ni mchezo wa kelele usio na akili. Sikubaliani nao. Anayeshika moja ya shupaza ana tatizo lile lile la mwenye seti: aitumie sasa kujikinga na joka, au aiweke adai karata atakayomalizia? Tofauti ni kwamba sheria za kadi bado hazijatulia. Kuna kundi linaloruhusu mbili ijibiwe kwa tatu, na kundi la jirani halitaki kusikia. Kuna wanaokataza kumalizia karata yoyote yenye kazi, na wanaokubali swali likiwa na jibu lake.

Basi kabla ya kugawa huulizwa. Anayechanga karata husema kwa sauti, mbele ya wote, joka zimo au hazimo, moja ya shupaza inahesabiwa mbili au moja, na kumalizia ni kwa karata gani. Anayenyamaza wakati huo hana haki ya kulalamika baadaye, hata awe ndiye mwenye pakiti.