Mtihani wa Serikali na Njia ya Kupata Ufadhili wa Masomo kwa Wanafunzi wa Ndosho

Katika mtaa wa Ndosho, ulioko komini ya Karisimbi upande wa magharibi wa mji wa Goma, kando ya barabara iendayo Sake, mwanafunzi anayemaliza sekondari hupimwa kwa mtihani mmoja ambao asilimia yake humfuata kila anapoomba kazi au nafasi ya chuo. Huo ni Mtihani wa Serikali, Examen d'État kwa Kifaransa, unaoandikwa kwa kifupi EXETAT. Jamaa walioko Ubelgiji, Kanada au Marekani huombwa kila mwaka mchango wa ada ya kuufanya, nao huutuma kwa moyo, lakini mara nyingi huchukulia kwamba kijana akishafaulu, mlango wa ufadhili wa masomo umekwisha kufunguka. Sivyo ilivyo, kwa kuwa diploma hutolewa kwa anayefikia asilimia 50, ilhali ufadhili hushindaniwa na walio juu sana ya kiwango hicho, na umbali kati ya alama hizo mbili ndio usioelezwa vya kutosha katika familia.

Mtihani huu ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1967, miaka saba hivi baada ya uhuru, wakati serikali ilipotaka diploma ya sekondari iwe na thamani moja nchi nzima, iwe imetoka Kinshasa au katika shule ya misheni ya Kivu. Tangu mwanzo ulibeba kazi mbili kwa pamoja: kuthibitisha kwamba mwanafunzi amehitimu, na kuchuja wanaostahili kuingia chuo kikuu. Kazi hiyo ya pili ilikuwa na uzito wa fedha pia, kwa sababu katika miaka ya 1970, vyuo vilipokuwa vimeunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaïre tangu 1971, kuingia chuoni kulimaanisha kwa wanafunzi wengi kupokea posho ya serikali. Posho hiyo ilidhoofika pamoja na uchumi wa nchi hadi ikakosa maana, na mzigo wa ada ukawaangukia wazazi. Kwa hiyo mtihani ulibaki na heshima yake ya zamani bila fedha zilizokuwa zikiufuata, na wazee waliosoma enzi hizo wanapowaambia wajukuu kwamba diploma nzuri inatosha, wanaeleza nchi waliyoijua wao.

Namna mtihani unavyoendeshwa inafaa kueleweka kwa undani. Unasimamiwa na Ukaguzi Mkuu wa Elimu, na una sehemu mbili. Ya kwanza, iitwayo nje ya kikao, hutangulia kwa wiki kadhaa na hujumuisha insha ya Kifaransa, mahojiano ya mdomo, na kazi za vitendo kwa michepuo ya ufundi. Ya pili ni kikao cha kawaida, ambacho huchukua siku nne: siku ya maarifa ya jumla, siku ya sayansi, siku ya lugha, na siku ya masomo ya mchepuo, yaani tawi ambalo mwanafunzi alilichagua miaka ya nyuma, kama vile ualimu, biashara, sayansi, umeme au ushonaji. Katika siku hizo nne mtahiniwa hajielezi kwa sentensi, bali huchagua jibu moja kati ya kadhaa kwa kila swali, na maswali hayo huitwa aitemu. Aliyekaa dawati la jirani aghalabu ana mfululizo tofauti wa maswali, na karatasi ya majibu humtambulisha kwa namba ya siri, kisha husahihishwa kwa mashine mbali na shule yake. Hapo ndipo ilipo haki kubwa ya mtihani huu kwa mtoto wa Ndosho, kwa kuwa mashine haijui jina la ukoo wala haijui kama nyumba yao ni ya matofali au ya mbao zilizosimamishwa juu ya mawe ya volkano.

Haki hiyo ina mpaka, hata hivyo. Asilimia ya mwanafunzi wa ualimu na ile ya mwanafunzi wa umeme hazikupatikana kwa maswali yaleyale, ingawa mtaani hulinganishwa kama bei za sokoni. Tena maandalizi ya aitemu ni ustadi wa pekee: wanafunzi wa mwaka wa mwisho hukutana jioni katika vikundi, wakirudia nakala za maswali ya miaka iliyopita, mmoja akisoma swali kwa sauti na wengine wakitetea majibu yao, na shule yenye walimu wa kutosha wa hisabati na fizikia huwainua wanafunzi wake kwa pointi nyingi kuliko shule ambayo mwalimu mmoja hubeba madarasa matatu. Kinachopimwa, basi, ni juhudi ya kijana ikichanganyika na hali ya shule yake.

Kwa upande wa ufadhili wenyewe, programu inayotajwa zaidi nchini ni Excellentia, iliyoanzishwa mwaka 2019 na taasisi ya mke wa Rais, Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, kwa ajili ya vijana waliopata asilimia za juu kabisa katika Mtihani wa Serikali. Asilimia hiyo peke yake haimalizi safari, kwani humpa kijana ruhusa ya kuingia katika mchujo mwingine wenye mtihani wake. Programu nyingine ni BEBUC, iliyotokana na ushirikiano wa mwanakemia Gerhard Bringmann wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, na mwenzake Virima Mudogo wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, ambayo huwasaidia wanafunzi wa vyuo vya Kongo na hata baadhi ya wanafunzi wa shule. Hiyo hutazama matokeo ya miaka yote, huwahoji waombaji, na huendelea kumpima anayefadhiliwa kadiri anavyosonga mbele katika masomo. Kwa sababu hiyo buleteni, yaani ripoti ya alama za kila mwaka, ina uzito ambao familia nyingi huugundua ikiwa imechelewa: aliyelegea katika miaka ya kabla ya mwisho hawezi kuufuta ulegevu huo kwa siku nne za mtihani.

Wazazi wa Goma waliopata makazi Marekani hukutana na mpango wa namna nyingine. Huko National Merit Scholarship, iliyoanzishwa mwaka 1955, huanza na mtihani uitwao PSAT, unaofanywa mwezi wa Oktoba katika mwaka wa kumi na moja wa shule. Mtihani huo hautoi cheti cha kuhitimu, wala asiyefanya vizuri hapotezi chochote. Alama ya kusoma na kuandika huzidishwa mara mbili, hujumlishwa na ya hisabati, kisha jumla hugawanywa kwa kumi, na kiasi cha juu kabisa ni 228. Wanafunzi wapatao 16,000 huingia hatua ya nusu fainali, na wanaotaka kuendelea hutakiwa kuwasilisha alama za mtihani wa kuingia chuo (SAT au ACT), insha, rekodi ya shule na pendekezo la shule. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba nafasi za nusu fainali hugawanywa kwa kila jimbo kulingana na idadi ya wahitimu wake, hivyo mtoto wa jimbo lenye shule dhaifu hashindanishwi moja kwa moja na mtoto wa jimbo tajiri.

Kanuni hiyo ya kugawa nafasi kwa eneo inastahili kuchukuliwa kwa uzito Kongo, tena pasipo kusubiri amani kamili. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na agizo la kuhama likatolewa siku tano baadaye, maelfu ya watu walipita barabara ileile ya Ndosho wakielekea Sake wakiwa na magodoro vichwani, na watoto wa shule walikuwa miongoni mwao. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, shule zikafungwa, na hospitali ya CBCA Ndosho ikafurika majeruhi. Hata hivyo, Mtihani wa Serikali wa mwaka huo ulifanyika Goma, na vijana waliovaa shati jeupe na sketi au suruali ya buluu walijibu aitemu zilizotungwa kwa ajili ya nchi nzima. Kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba asilimia 72 yake ni pungufu kuliko 80 ya aliyesoma mwaka mzima bila mlio wa bunduki ni kusoma tarakimu na kuacha kumsoma mwanafunzi, na mfadhili anayejali akili kuliko bahati angepaswa kuwapima vijana wa Kivu kwanza wao kwa wao.

Hadi hapo kanuni zitakapobadilika, kinachoweza kusaidia familia ni utunzaji wa hati. Matokeo hutangazwa kwa simu na redio ndani ya muda mfupi, lakini diploma yenyewe huweza kuchelewa kwa miaka, na katikati ya hapo mwombaji hutumia cheti cha muda cha kufaulu. Wafadhili na vyuo vya nje huomba cheti hicho pamoja na buleteni za miaka ya mwisho, zenye saini ya prefe, yaani mkuu wa shule, na muhuri wa shule, na mara nyingi tafsiri yake kwa Kiingereza. Shule ikihama au mkuu wake akikimbia, muhuri huo hauna pa kutafutwa isipokuwa katika ofisi za jimbo la elimu la Kivu ya Kaskazini 1, ambako foleni ni ndefu. Jamaa wa ng'ambo anayetuma ada ya mtihani angefanya vema kuomba picha ya kila buleteni mwaka unapofungwa, aihifadhi kwake, kwani nyumba ya mbao ya Ndosho inaweza kuachwa usiku mmoja, ilhali nakala iliyoko Brussels au Ottawa itabaki kuonyesha alama zote mlango wa ufadhili utakapofunguliwa.