Nyumba Moja, Lugha Ngapi?

Kila mwaka Ofisi ya Sensa ya Marekani hupeleka kwa sampuli ya kaya swali linaloonekana jepesi: je, mtu huyu husema nyumbani lugha isiyokuwa Kiingereza? Akijibu ndiyo, aitaje, kisha akipime Kiingereza chake: vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hajui kabisa. Majibu hayo huzaa majedwali ya miji, na wasomaji hudhani wameiona jamii. Walichoona ni kapu. Jedwali mojawapo limekitia Kiswahili pamoja na "lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini", hata Mshona wa Harare na Mbembe wa Fizi, Kongo, wakahesabiwa pamoja bila kuelewana hata salamu.

Chukua kaya ya Wabembe iliyopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, ikafika Louisville, Kentucky, mji ambao Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa za nyumbani kwa wanafunzi wa shule zake za umma. Humo lugha hufuata mtu na shughuli. Bibi huamkiwa kwa Kibembe. Kiswahili, cha Kongo kilichokwisha kuonja cha Kigoma, ni cha kanisani, cha majirani na cha kukaripia watoto. Kiingereza ni cha kazi za shule. Kilio ndicho kinachoiumbua fomu: mzee anautaja ukoo wa marehemu kwa Kibembe, Mrundi aliyekuja kuhani anajibiwa kwa Kiswahili, na wajukuu wananong'onezana kwa Kiingereza, wote chumba kimoja, msiba mmoja. Fomu imemwachia kila mmoja wao nafasi ya lugha moja.

Wapo watakaosema hesabu hizi ndizo zinazoleta wakalimani. Ni kweli, na si jambo dogo: mwaka 1974 Mahakama ya Juu, katika shauri la wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, iliitumia Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuzibana shule zisizowasaidia watoto wasiojua Kiingereza. Lakini kipimo cha mahitaji kimegeuzwa picha ya watu. Yeyote asiyejibu "vizuri sana" huingizwa katika fungu la wenye upungufu, aliyejibu "vizuri" pamoja na asiyejua neno. Nasi tumelelewa kwamba kizuri chajiuza: muulize mtu mzima kama anajua Kiingereza, atakwambia "kidogo tu", hata kama jana alibishana na mwenye nyumba mpaka akapunguziwa kodi. Unyenyekevu huo ukifika kwenye jedwali huwa ujinga. Lugha mbili nyingine alizonazo hazipimwi. Hupimwa ile ya tatu tu.

Bibi atakapozikwa, na wajukuu wakabaki na Kiingereza peke yake, jibu la swali la kwanza litakuwa hapana. Fomu haitauliza la pili.