Kocha hufukuzwa, ofisi hubaki

Timu inapofungwa, lawama za kwanza humwangukia kocha. Lakini kocha hajiajiri mwenyewe. Ndiyo maana Machi 2025 washabiki wa Manchester United ya Uingereza, timu yenye wapenzi tele hata huku kwetu, waliandamana kuwapinga wenye klabu, si wachezaji.

Tazama mwaka 2024. Julai, uongozi ulimwongezea kocha Erik ten Hag mkataba hadi 2026, Oktoba ukamtimua. Julai hiyohiyo alianza kazi mkurugenzi wa michezo, Dan Ashworth, Desemba akaondoka. Hesabu za klabu zilionyesha kwamba kuachana na hao wawili, pamoja na wasaidizi wa kocha, kuligharimu pauni milioni 14.5.

Fedha hizo hazikutoka mifukoni mwa waliokata shauri. Zilitoka katika klabu, na klabu huishi kwa viingilio, televisheni na wadhamini. Kabla mwaka haujaisha, tikiti zilizosalia za wanachama zilipandishwa hadi pauni 66, bila nafuu kwa watoto wala wazee. Wafanyakazi wapatao 250 walikuwa wamekwisha kupunguzwa. Mei 2025 timu ikamaliza ligi nafasi ya 15.

Mteja akiuziwa unga mbovu huhamia duka la jirani. Shabiki hana duka la pili, na ofisi yajua hivyo.

Basi, ndugu wasikilizaji, kocha mwingine akifukuzwa, iwe Ulaya au hapa nyumbani, tuulize: nani alimchagua, na huyo anawajibika kwa nani?