Mwanasesere Ndani ya Jicho

Mkaribie mtu mahali penye mwanga mzuri, umtazame machoni. Katikati ya ule weusi utamwona binadamu mdogo kuliko punje ya mchele, naye anakutazama. Ni wewe. Warumi walimwita pupilla, yaani kibinti au mwanasesere, na kutoka kwake mboni ya jicho ikapata jina la Kiingereza: pupil.

Kinachonigusa ni kwamba hawakuwa peke yao. Wagiriki waliiita mboni kore, binti. Waarabu husema insān al-ʿayn, insani wa jicho. Waebrania walisema ishon, mtu mdogo, na ndilo neno la Kumbukumbu la Torati 32:10 ambalo katika Biblia ya Kiswahili tunalisoma kama mboni ya jicho. Jina kama hilo halipatikani kwa mbali. Ni lazima mtu amsogelee mwenzake kiasi cha kuhisi pumzi yake.

Mboni yenyewe haina picha. Ni tundu tu, lenye upana wa milimita 2 kwenye jua kali na hadi 8 hivi gizani. Mwanga mwingi unaoingia humezwa humo, ndiyo maana tunaona weusi. Kinachorudisha sura yako ni konea, ule utando ang'avu wa mbele, na giza lililo nyuma yake huifanya sura ionekane wazi.

Neno pupilla lilikuwa na kazi nyingine Roma. Mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubalehe aliitwa pupillus, au pupilla akiwa msichana, naye aliwekwa chini ya tutor. Huyu hakuwa mwalimu. Alikuwa msimamizi wa mali ya yatima, hadi msichana atimize miaka 12 na mvulana 14. Waingereza waliyachukua maneno yote mawili, na baadaye yakahamia shuleni: pupil akawa mwanafunzi, tutor akawa mwalimu wake.

Wafaransa hawakumsahau yatima. Kwao pupille ni mboni, na pia ni mtoto aliye chini ya ulezi wa kisheria. Mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa bado vinaua, Bunge lilipitisha sheria ya kuwafanya watoto wa waliouawa vitani kuwa pupilles wa Taifa, walelewe kwa msaada wa dola. Tangu 1990 watoto wa waliouawa na magaidi nao wanapewa hadhi hiyo.